Kufuata kimbunga cha Msumbiji ukiwa Lubumbashi: mwongozo kwa mwenye mzigo njiani

Lubumbashi iko mbali na bahari zote mbili, lakini mchele, mitumba, gari za Japani, vipuri na salfa ya migodi vinavyoingia kwa mpaka wa Kasumbalesa vimeshushwa melini Beira, Dar es Salaam au Durban. Kati ya bandari hizo, Beira ndiyo inayotazamana na vimbunga uso kwa uso. Msimu wake ni kuanzia katikati ya Novemba mpaka mwisho wa Aprili, na miezi ya kuogopa zaidi ni Januari, Februari na Machi.

Mwongozo huu ni wa mwenye kontena, mwenye kamio (lori), deklaran (wakala wa forodha), na yule mtu wa bilo (ofisi) ambaye ndiye atamwambia shofere asimame au aendelee. Unahitaji telefone yenye mega kidogo, daftari, kalamu na kikokotoo. Saa zote tumeziandika kwa mtindo wa saa 24, kama kwenye tiketi ya ndege, ili wa Lubumbashi na wa Dar wasigombane.

Usianze kwa kuuliza kimbunga kina nguvu gani. Uliza upepo utafika bandarini saa ngapi, halafu barabara itafungwa siku ngapi. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayogharimu pesa.

1. Kabla ya msimu, andika pwani yako kwa namba

Taarifa za kimbunga haziandikwi kwa majina ya miji. Zinaandikwa kwa nyuzi za latitudo na longitudo. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari andika (S ni kusini, E ni mashariki):

Beira: 19.8 S, 34.9 E
Quelimane: 17.9 S, 36.9 E
Nacala: 14.5 S, 40.7 E
Dar es Salaam: 6.8 S, 39.3 E

Chini yake andika vipimo vya kubadilisha. Nyuzi 1 ya latitudo ni km 111 popote ulipo. Nyuzi 1 ya longitudo hupungua kadiri unavyoachana na ikweta: usawa wa Beira ni km 105, usawa wa Dar ni km 110 hivi. Maili 1 ya baharini ni km 1.85, na noti 1 ya upepo ni km 1.85 kwa saa. Bila namba hizi utabaki kutazama ramani za rangi na kubahatisha.

Kuhusu Dar: vimbunga hufika huko mara chache, kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia hausukumi hewa vya kutosha kuizungusha. Mara chache si kamwe. Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia na pwani ya Tanzania. Mvua yake ilikata barabara ya Dar kwenda Lindi, ambayo si njia ya Tunduma, mpaka wa Zambia, kwa hiyo mizigo ya Katanga iliponea hapo. Upande wa Lobito, Angola, hauna msimu wa vimbunga.

2. Chagua chanzo kimoja na ukisome saa zile zile

Kwa bahari hii, kituo chenye mamlaka ni kile cha kisiwa cha La Réunion, kinachoendeshwa na Météo-France (idara ya hali ya hewa ya Ufaransa) kwa niaba ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Kinaangalia eneo lote kutoka pwani ya Afrika mpaka longitudo 90 E. Sisi wa Kongo tuna bahati hapa: kinaandika Kifaransa pia, kwa hiyo hakuna cha kutafsiriwa na mtu wa WhatsApp.

Wakati bahari imetulia, soma taarifa yake ya kila siku mara mbili tatu kwa wiki. Tafuta sehemu inayosema uwezekano wa dhoruba kuzaliwa ndani ya siku 5. Ukiona uwezekano umefika wa wastani, na eneo lenyewe liko kwenye Mlango-Bahari wa Msumbiji au kaskazini ya Madagaska, anza kusoma kila siku. Usimwambie shofere chochote bado. Maeneo mengi ya namna hiyo hufa yenyewe, na ukimsimamisha mtu mara tatu bure, mara ya nne hatakusikia.

Dhoruba ikishazaliwa, kituo hutoa taarifa kila saa 6, kwa vipimo vya saa 02:00, 08:00, 14:00 na 20:00 za Lubumbashi. Taarifa yenyewe hutoka saa moja au zaidi baada ya vipimo. Ratiba ya kutosha ni hii: soma saa 10:00, saa 16:00 na saa 22:00. Kutazama kila dakika kumi hakuongezi habari, kunamaliza mega tu.

Utakutana pia na kituo cha jeshi la Marekani kilichoko Hawaii, ambacho hukipa kimbunga namba na herufi S badala ya jina. Namba zake za upepo huwa juu kuliko za La Réunion kwa asilimia 12 au zaidi, hata wakipima kitu kilekile. Hakuna aliyedanganya: Marekani wanachukua wastani wa upepo wa dakika 1, La Réunion wa dakika 10. Fuata mmoja mpaka mwisho. Mtu akichukua namba ya asubuhi kwa huyu na ya jioni kwa yule, ataona kimbunga "kimekua ghafla" wakati hakijabadilika.

3. Soma taarifa kwa mpangilio huu

Kwanza mahali pa kitovu, na pale panapoandikwa kwamba kitovu kiko "ndani ya maili 20" au 30 za hapo. Maana yake hata wenyewe hawana uhakika wa km 40 au 50. Dhoruba changa ndiyo yenye shaka kubwa, kwa sababu bado haina jicho la kuonekana toka juu.

Halafu daraja. Upepo ukifika noti 34 (km 63 kwa saa) ni dhoruba ya kitropiki ya wastani, na hapo ndipo inapewa jina. Noti 48 (km 89) ni dhoruba kali. Noti 64 (km 118) ni kimbunga. Noti 90 ni kimbunga kikali, na kupita noti 115 ni kikali sana. Hizo zote ni wastani. Upepo wa kishindo, ule ambao taarifa ya Kifaransa inauita rafale, hufika mara 1.4 ya wastani hivi. Mabati hung'olewa na kishindo, hayang'olewi na wastani.

Kuna pia mstari unaofanana na "T 3.5/3.5/D1.0/24H". Hiyo ni alama ambayo wataalamu wanalipa umbo la mawingu, kutoka 1 mpaka 8. Kufika 4.5 ni usawa wa kimbunga kamili. Herufi D inasema mawingu yanazidi kujipanga, W yanavunjika, S hayajabadilika. Ukiona D pamoja na namba inayopanda kwa 1.0 ndani ya siku moja, na maji ya mlango-bahari yana joto la nyuzi 28 au zaidi, usitegemee kitadhoofika kabla ya kufika pwani.

Mwisho, na kwako ndiyo muhimu kuliko yote, tafuta mzingo wa upepo wa noti 34, yaani umbali toka kitovu mpaka upepo huo unapoishia. Unaandikwa kwa maili za baharini, kwa kila robo ya dira, kwa herufi za Kifaransa: NE (kaskazini-mashariki), SE (kusini-mashariki), SO (kusini-magharibi), NO (kaskazini-magharibi). Watu wengi wanauruka huu na kubaki na kitovu. Kitovu kinafika mwisho. Upepo unakitangulia kwa masaa.

4. Piga hesabu ya saa

Tuchukue mfano wa kufanyia mazoezi. Si kimbunga cha kweli. Saa 02:00 kitovu kilikuwa 19.1 S, 39.3 E. Saa 08:00 kiko 19.2 S, 38.4 E. Robo ya SO ina mzingo wa maili 80.

Kimesogea nyuzi 0.9 kwenda magharibi: 0.9 × 105 ni km 95. Kusini kimesogea 0.1 tu, achana nayo. Km 95 kwa saa 6 ni karibu km 16 kwa saa.

Umbali mpaka Beira: longitudo 38.4 toa 34.9 ni 3.5, mara 105 ni km 368. Latitudo 19.8 toa 19.2 ni 0.6, mara 111 ni km 67. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: karibu km 374. Gawa kwa 16, unapata saa 23. Kitovu kitakuwa jirani ya Beira kesho saa 07:00.

Sasa toa mzingo. Beira iko kusini-magharibi ya kitovu, kwa hiyo tumia robo ya SO: maili 80 ni km 148. Km 374 toa 148 ni 226, gawa kwa 16 ni saa 14. Upepo wa noti 34 utafika leo saa 22:00, yaani saa 9 kabla ya kitovu. Kreni za kushusha makontena kwa kawaida husimama upepo ukikaribia km 70 kwa saa, na bandari huanza kufunga mambo mapema kuliko hapo, kwa sababu meli zinatolewa nje na makontena yanafungwa. Mikanda ya mvua nayo hutangulia upepo. Kamio inayotakiwa kutoka Beira ni lazima iwe imepita geti mchana huo, si jioni.

Rudia hesabu kila taarifa mpya, uandike chini ya ile ya zamani. Mistari minne ikikaa pamoja kwenye daftari utaona jambo ambalo ramani moja haionyeshi: kama kinaharakisha, kinasita, au kinapinda. Vimbunga vya mlango-bahari ule hupenda kusita. Vinasukumwa na hewa nzito iliyokaa kusini. Ikiwa na nguvu inavipeleka magharibi, Msumbiji. Ikivunjwa na mkondo wa hewa baridi unaopita chini ya Afrika Kusini, kimbunga kinavutwa kusini na pwani inapona. Kati ya nguvu hizo mbili kinaweza kusimama siku nzima.

5. Jua Beira iko mkono gani

Huku kusini mwa ikweta, upepo wa kimbunga unazunguka kufuata mwendo wa mshale wa saa. Simama kwa mawazo kwenye kitovu, utazame kinakokwenda. Kikiingia Msumbiji toka mashariki, mkono wako wa kushoto ni kusini, na huko ndiko upepo unatoka baharini na kusukuma maji juu ya nchi. Mkono wa kulia, kaskazini, upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini.

Kwa hiyo kitovu kikipita kidogo kaskazini ya Beira, mji na bandari viko upande mbaya. Kikipita kusini yake, mawimbi yanapungua ijapokuwa mvua inabaki. Mfano wetu, ukiuendeleza kwa mstari, unapita km 23 tu kaskazini: upande mbaya kabisa. Tahadhari na video za Marekani. Kule ubaya uko mkono wa kulia, na watu wengi wanakariri hivyo bila kujua.

Ongeza hapo maji kujaa na kupwa. Beira ina tofauti kubwa sana, zaidi ya mita 5 wakati wa bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida). Maji ya dhoruba yakija wakati bahari imekupwa, yanameza nafasi iliyokuwa tupu. Yakija wakati wa bamvua limejaa, yanaingia mjini. Mwambie wakala wako wa Beira akutumie saa za maji kujaa za siku tatu, uziandike pembeni ya hesabu yako.

6. Ramani za programu na picha za satelaiti

Programu za upepo kwenye telefone zinaonyesha modeli, hasa ya Ulaya na ya Marekani. Modeli ni hesabu ya kompyuta, si tangazo. Ikikuonyesha kimbunga juu ya Beira siku 10 mbele, funga programu ukafanye kazi nyingine. Ikibaki siku 5, linganisha hizo mbili: zikiwa karibu, chukua kwa uzito, zikitengana km 500, hakuna anayejua bado, hata mtangazaji wa redio. Siku 3 mbele, si ajabu hata kituo rasmi kukosea kitovu kwa km 200.

Ile njia pana inayochorwa mbele ya kimbunga ni eneo ambalo kitovu kinaweza kupita. Haionyeshi ukubwa wa kimbunga. Mji ulio nje yake kidogo unaweza kupata mvua na upepo mzima mzima.

Picha za satelaiti zinatosha mbili kwa siku. Mawingu mazito yakiwa yamezunguka katikati pande zote, kinakua. Yakiwa yamesukumwa yote upande mmoja na katikati kumebaki wazi, upepo wa juu unakichana.

7. Amri kwa shofere

Barabara ya N6 kutoka Beira inapita Dondo, Nhamatanda na Inchope, kisha inapanda Chimoio na Machipanda. Kipande cha kuogopa ni tambarare ya mto Pungwe, kabla ya Inchope. Inchope iko km 130 hivi toka Beira. Chimoio km 200, na imeinuka kama mita 700 juu ya bahari. Sheria ni rahisi: anayeshuka asimame Chimoio, anayepanda asilale kabla ya Inchope. Kuegesha Dondo "kusubiri ipite" ndiyo kosa la kawaida, kwa sababu mji unakuwa kisiwa na dizeli inakwisha.

Ujumbe uwe mfupi, wenye saa na jina la mahali, kwa mfano:

"Yaya, jambo. Kimbunga kinakaribia Beira. Upepo mkali unaanza leo saa 22:00. Simama Chimoio, usishuke. Jaza mafuta na maji ya kunywa ya siku 4. Nitakuandikia tena saa 16:30 na 22:30. Odio ya mtu mwingine usiifuate, nitumie kwanza."

Saa za ujumbe unaofuata zina kazi yake: akijua utaandika lini, hatapiga simu kila mara na kumaliza betri. Mwambie pia afungue turubai, alikaze upya, na aegeshe kichwa cha kamio kikitazama upepo unakotoka, mbali na miti na nguzo.

Odio ikifika kwenye kundi la mashofere, uliza mambo mawili: inataja saa na tarehe? Inataja kituo gani? Ikikosa vyote viwili, isipelekwe mbele. Kwa upande wa Msumbiji, amri za wananchi zinatoka INAM kwa hali ya hewa na INGD kwa maafa, wakitumia rangi: bluu, njano, nyekundu, nyekundu ikiwa ndiyo ya karibu zaidi. Kwa Dar, TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) wanaandika Kiswahili safi.

8. Kimeshaingia nchi kavu: hapo ndipo barabara inaanza kuumia

Upepo hupungua ndani ya masaa. Maji hayafuati ratiba hiyo. Idai iliingia karibu na Beira usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi 2019. Mito Pungwe na Buzi iliendelea kupanda siku kadhaa baadaye kwa mvua iliyonyesha juu, kuelekea Zimbabwe, na N6 ikakatika. Bandari iliamka kabla ya barabara. Makontena yakawa tayari kutoka lakini hayana pa kupita.

Na dhoruba inaweza kurudi. Idai hiyohiyo ilishaingia Msumbiji mwanzoni mwa Machi ikiwa bado changa, ikamwaga mvua, ikarudi baharini kujaza nguvu. Freddy ilipiga Msumbiji tarehe 24 Februari 2023, ikatoka, ikarudi kwa Quelimane tarehe 11 Machi. Endelea kusoma taarifa mpaka kituo chenyewe kiandike kwamba hakuna dalili ya kurudi baharini.

Usitoe kamio Chimoio kwa sababu jua limewaka. Subiri mambo haya: siku mbili bila mvua kubwa milimani, mtu aliyepita tambarare yote siku hiyohiyo na kukutumia picha, na bandari kuthibitisha kwamba geti linafanya kazi na umeme upo. Maji yakiwa yamefunika lami, hata sentimita 30, shofere haoni kama barabara bado iko chini yake. Madaraja huliwa pembeni kwanza, pale udongo unapokutana na saruji, kwa hiyo gari ndogo kupita si ushahidi kwa kamio ya tani 30.

Unaweza pia kuuliza njia ya Tete kuingia Zambia kwa mpaka wa Chanida. Lakini toka Beira mpaka Chimoio bado utakuwa kwenye N6 ileile, kwa hiyo inasaidia tu kamio iliyokwisha kupita tambarare. Mzigo ulio bado melini ni habari nyingine: uliza mapema kama meli inaweza kushusha Dar, na gharama iandikwe kabla hujakubali.

9. Karatasi

Hifadhi kila taarifa ya kituo kwenye telefone na nakala kwa barua pepe, siku ileile, pamoja na tangazo la bandari kufunga na kufungua. Siku za kukawia kwa kontena hutozwa hata wakati wa maafa, na bila tarehe na saa za maandishi huna cha kuweka mezani. Barua ya kuomba zisihesabiwe iandikwe ndani ya wiki ya kwanza, ikitaja namba ya kontena, saa bandari ilipofunga na saa ilipofungua. Msongamano wa siku zilizofuata uombe katika aya yake, maana hiyo ndiyo sehemu wanayoikataa mara nyingi.

Bima inunuliwe Oktoba. Dhoruba ikishapewa jina, mara nyingi hakuna atakayekuuzia bima ya dhoruba hiyo.

Mzigo ukifika Kasumbalesa, fungua kontena mbele ya deklaran na upige picha sakafu kabla ya kushusha chochote. Mstari wa tope au chumvi kwenye kuta za ndani unaonyesha maji yalifika wapi; ukishafagiwa, madai yamekwisha.